Ripoti ya Ajali ya Ndege Isomwe Kuanzia Ardhini

Watu wengi wanaofungua ripoti ya ajali ya ndege ndogo hukimbilia mwisho, mahali palipoandikwa chanzo. Hapo hukuta sentensi moja au mbili: rubani alishindwa kuidhibiti ndege, rubani aliishiwa mafuta, rubani aliingia mawinguni bila kuwa na sifa ya kurusha ndege kwa kutegemea vyombo. Wakishaisoma huifunga ripoti, na moyoni hubaki na hukumu kwamba marehemu alikosea na kwamba wao wasingekosea vile. Mimi ninayefundisha urubani wa ndege ndogo za injini za pistoni nimefikia kuamini kwamba sentensi hiyo ndiyo yenye mafunzo machache kuliko zote. Kinachofundisha kimo katika kurasa za katikati, kwenye maelezo makavu ya yale yaliyofanyika kabla injini haijawashwa: nani alizungumza na nani, tangi lilikuwa na kiasi gani, mzigo ulipimwa au ulikadiriwa kwa macho, na ni jambo gani lililoonekana si sawa lakini likaachwa lipite.

Sheria za kimataifa zenyewe zinatuelekeza huko. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambacho ndicho kinachoongoza uchunguzi wa ajali za ndege katika nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), kinasema kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Hata hivyo lawama hutangulia, kwa sababu humpa msomaji faraja. Akishampata mkosaji hana tena haja ya kujiuliza kama na yeye ana jambo la namna ileile linalomsubiri kwenye hanga.

Mfano ninaoutumia kuliko mwingine wowote ni wa tarehe 12 Oktoba 1997. Siku hiyo John Denver, mwimbaji Mmarekani ambaye muziki wake una wapenzi wengi hata Kenya, alianguka katika Ghuba ya Monterey, California, akiwa peke yake ndani ya ndege ndogo aina ya Long-EZ. Hakuwa mwanagenzi, kwani alikuwa amekwisha kuruka zaidi ya saa 2,700. Ndege yenyewe, hata hivyo, ilikuwa ngeni mikononi mwake. Long-EZ ilibuniwa na Burt Rutan, na hujengwa na watu binafsi kwa kufuata michoro yake. Injini iko nyuma na propela inaisukuma ndege badala ya kuivuta. Katika michoro hiyo, mkono wa valvu ambao rubani huutumia kuchagua tangi la kushoto au la kulia umewekwa mbele yake, mahali anapoufikia bila shida. Aliyeijenga ndege hii aliuhamishia nyuma ya bega la kushoto la rubani, kwa kuwa hakutaka mabomba ya mafuta yapite ndani ya chumba cha rubani.

Naomba msomaji alitazame jambo hilo kwa makini. Badiliko lililokuja kuleta hatari lilifanywa kwa nia ya kupunguza hatari. Mjenzi aliogopa moto, na kila anayerusha ndege ndogo ana haki ya kuuogopa. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba rubani anayetaka kubadili tangi angani alilazimika kuuachia usukani ulio upande wake wa kulia, ageuze kiwiliwili, kisha apeleke mkono nyuma ya bega la kushoto na kuuzungusha mkono wa valvu usio na alama yoyote. Vipimio vya mafuta navyo vilikuwa nyuma yake na havikuwa na alama. Wachunguzi walipojaribu kukaa katika kiti cha aina hiyo na kujigeuza hivyo, waligundua kwamba mguu wa kulia hutafuta mahali pa kujiegemeza, na mahali hapo ni pedali ya kulia ya usukani wa mkia. Ndege huanza kupinda wakati hakuna anayeishika wala kuitazama.

Sasa tuje ardhini. Kabla ya safari, Denver na fundi aliyekuwa akimsaidia waliuzungumzia mkono ule. Walijua kwamba ni mgumu kufikiwa na ni mzito kuzungushwa. Walijaribu kuurefusha kwa koleo la kubana, haikufaa. Fundi akampa kioo kidogo ili aweze kuviona vipimio vya mafuta vilivyokuwa nyuma. Denver akasema kwamba ikibidi kubadili tangi ataiachia mitambo ya kujiendesha iishike ndege. Alipoulizwa kuhusu kuongeza mafuta alikataa, kwa sababu alikusudia kuruka kwa muda wa kama saa moja tu. Kwa makadirio ya fundi, tangi moja lilikuwa na chini ya nusu na jingine chini ya robo.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani (NTSB) iliandika kwamba chanzo ni rubani kuondoa umakini wake kwenye kuirusha ndege na kuikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia wakati akihangaika na ule mkono. Iliongeza kwamba maandalizi hafifu, hasa kutoongeza mafuta, nayo yalichangia moja kwa moja, pamoja na mahali valvu ilipowekwa, vipimio visivyo na alama na mazoezi machache katika ndege ya aina ile. Yote ni kweli. Lakini kinachonishika mimi ni koleo na kioo. Watu wawili wenye akili timamu walikuwa wameliona tatizo kwa macho yao na kulishika kwa mikono yao, na kila suluhisho walilolitafuta lilikuwa la kumsaidia rubani aishi na tatizo hilo angani. Kujaza matangi yote mawili kungeiondoa haja ya kuigusa valvu katika safari ile fupi. Kuahirisha safari hadi mkono urudishwe mahali pake kungeliondoa tatizo lenyewe.

Tangu niisome ripoti hiyo nimebadili namna ninavyomhamisha mwanafunzi kutoka ndege moja kwenda nyingine. Katika Cessna 172, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumejifunzia, mkono wa kuchagua tangi uko sakafuni kati ya viti viwili, na una sehemu inayoruhusu matangi yote mawili yatoe mafuta kwa pamoja. Mwanafunzi anaweza kumaliza masomo yake karibu yote bila kuusogeza. Siku atakapoketi katika Piper ya jamii ya PA-28 atakuta mkono uko ukutani karibu na mguu wake wa kushoto, na ile sehemu ya pamoja haipo: ni kushoto, kulia au kufunga. Asipobadili kwa wakati, injini inaweza kuzimika hali tangi la pili limejaa. Kwa hiyo namketisha ndani ya ndege iliyozimwa, namwambia afumbe macho, kisha namtajia kifaa kimoja kimoja akiguse: valvu ya mafuta, pampu ya umeme, kipasha joto cha kabureta, swichi ya magneto, kitasa cha mlango. Mkono ukisita, tunarudia. Wapo wanaoliona zoezi hili kuwa la kitoto mpaka wanapotambua kwamba wameshika kitu ambacho sicho.

Katika suala la mafuta siku hizi siridhiki na jibu la mdomo. Asubuhi kabla ya safari ya kwanza tunachukua kikombe kidogo cha plastiki angavu, tunabonyeza valvu iliyo chini ya bawa na kukinga. Mafuta ya ndege za pistoni yanayotumika zaidi, yale ya daraja la 100LL, hutiwa rangi ya buluu kwa makusudi. Kama kuna maji yatazama chini ya kikombe, na utayaona kama tone lisilo na rangi linalotembea peke yake chini ya ule ubuluu kikombe kikiinamishwa. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea kikombe akitangaza kwa furaha kwamba ni safi kabisa, hakuna tone hata moja. Nikamwomba akiinue juu ya kitambaa cheupe anieleze anaona rangi gani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema haoni rangi. Kikombe kizima kilikuwa maji. Kulikuwa na mvua kubwa usiku ule na ndege ililala nje. Tuliendelea kukinga na kumwaga hadi ubuluu ulipotokea, tukaenda kumwita fundi akague mfuniko wa tangi, na asubuhi hiyo hatukuruka. Tone ni rahisi kuliona, lakini maji matupu hufanana sana na usafi, na hilo sikuwa nimelisikia likisisitizwa vya kutosha na wale walionifundisha.

Ripoti ya pili ninayoipa muda mrefu ni ya Cheyenne, Wyoming, tarehe 11 Aprili 1996. Ajali hiyo ilijulikana duniani kwa sababu ndani ya ndege alikuwamo Jessica Dubroff, mtoto wa miaka 7 aliyekuwa akisafiri kuikatiza Marekani kutoka pwani moja hadi nyingine, huku vyombo vya habari vikimfuatilia. Pamoja naye walifariki baba yake na mkufunzi, ambaye kisheria ndiye aliyekuwa rubani. Umri wa mtoto ulizua mjadala mkali, na Bunge la Marekani likapitisha sheria kuhusu jambo hilo mwaka huohuo. Kwa maoni yangu mjadala ule uliwanyima marubani wengi somo kubwa zaidi. Ndege yao, Cessna 177B, ilikuwa imezidi uzito ulioruhusiwa kwa takriban kilo 44. Uwanja wa Cheyenne uko futi 6,156 juu ya usawa wa bahari. Radi na mvua zilikuwa zikikaribia, upepo ukivuma kwa mikupuo. NTSB ilihitimisha kwamba mkufunzi alifanya uamuzi usiofaa kuruka katika hali ya hewa iliyokuwa ikiharibika, ndege ikiwa nzito na hewa ikiwa nyembamba kuliko alivyozoea, mpaka kasi ikapungua na mabawa yakashindwa kuibeba.

Hiyo hewa nyembamba ndiyo inayotuhusu sisi moja kwa moja. Rubani wa ndege ndogo haulizi tu uwanja uko juu kiasi gani. Lazima aulize pia joto ni kiasi gani, kwa maana hewa ya moto ni nyepesi, nayo ndege huiona kana kwamba iko juu zaidi. Asubuhi ile ya Cheyenne ilikuwa baridi, na wachunguzi walikokotoa kwamba ndege ilikuwa ikifanya kazi kama vile iko futi 6,670. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi uko chini ya Cheyenne, kwenye takriban futi 5,500. Lakini siku ya jua, saa nane mchana, nyuzi joto zikifika 27, hesabu hiyohiyo inatoa karibu futi 8,000. Kwa maneno mengine, kila mchana wa joto pale Wilson ndege hupewa hewa hafifu kuliko ile iliyokuwapo Cheyenne siku ya ajali. Injini ya pistoni isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000, hivyo ile ya nguvu za farasi 160 hubaki na kama 120. Propela na mabawa navyo hushika hewa kidogo. Njia ya kurukia inayotosha kabisa saa moja asubuhi inaweza isitoshe mchana, ndege ikiwa ileile, abiria walewale na rubani yuleyule.

Ninapowasomea wanafunzi ripoti hii huwa nawauliza ni saa ngapi ajali ilianza. Wengi husema ni pale ndege ilipopinda kulia mvua ikinyesha. Mimi huwaonyesha asubuhi yote iliyotangulia: mahojiano ya televisheni, ratiba iliyotangazwa kwa umma, mahali pengine palipokuwa pakiwasubiri. Hakuna ripoti inayoweza kuupima uzito wa ratiba kwa kilo, ila upo, nasi tunaujua vizuri. Ni mgeni anayetaka kuwahi ndege ya kimataifa, ni mwenye ndege anayepiga simu mara ya tatu, ni kundi la ndugu waliokwisha kupanda gari kwenda kiwanjani kumpokea mtu. Rubani anayesema tusubiri wingu lipite huwa anakataa watu, na kukataa watu ni kugumu kuliko kusoma jedwali la uzito. Ndiyo maana ninawataka wanafunzi waandike kikomo chao kwenye karatasi jioni iliyotangulia, kabla sura ya mtu yeyote haijawa mbele yao.

Kuhusu kuingia mawinguni nitasema machache, kwa kuwa jambo lenyewe limethibitishwa zamani. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwachukua watu 20 wasio na ujuzi wa kuruka kwa vyombo na kuwaweka katika hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Hakuna aliyeokolewa na kipaji. Anayetoka Nairobi kwenda pwani wakati wa masika akaona wingu limekaa chini vilimani hana haja ya kujijaribu.

Ajali ya Emiliano Sala inanigusa kwa namna tofauti. Mashabiki wa soka wanaikumbuka: mshambuliaji Muargentina aliyekuwa amenunuliwa na Cardiff City kutoka Nantes, akapotea juu ya bahari karibu na Guernsey usiku wa tarehe 21 Januari 2019, ndani ya Piper Malibu yenye injini moja ya pistoni. Tawi la Uchunguzi wa Ajali za Anga la Uingereza (AAIB) lilibaini mambo mengi mabaya: rubani hakuwa na leseni ya kubeba abiria kwa malipo, hakuwa na sifa ya kuruka usiku, na inaelekea alipoteza udhibiti akijitahidi kukwepa mawingu. Hayo yametosha kuwafanya watu wengi waifunge ripoti. Lakini vipimo vya damu ya Sala vilionyesha kwamba asilimia 58 ya himoglobini yake ilikuwa imeshikwa na gesi ya kaboni monoksaidi, kiwango ambacho kwa kawaida huua. Rubani hakupatikana, ila wachunguzi waliona uwezekano mkubwa kwamba na yeye aliathiriwa.

Njia ambayo gesi hiyo hupita inafahamika kwa kila fundi. Katika ndege nyingi za aina hii joto la kuwapasha abiria hutoka kwenye mfumo wa bomba la moshi: hewa safi hupitishwa pembeni ya chuma chenye moto, kisha huingia ndani. Chuma kikipata ufa mwembamba, moshi huchanganyika na hewa hiyo. Kaboni monoksaidi yenyewe haina rangi wala harufu, na inapoanza kumdhuru mtu humwondolea kwanza uwezo wa kutambua kwamba anadhurika. Kwa hiyo ushauri wa kumtaka rubani awe mwangalifu zaidi angani haufiki popote, maana ubongo unaotakiwa kuwa mwangalifu ndio unaozimwa. Kinga yote iko chini: fundi anayelikagua bomba la moshi kwa taa na kioo, na kifaa cha kupiga kelele gesi inapoingia. Zile kadi zinazobadilika rangi zinahitaji mtu wa kuzitazama, na mtu huyo huenda tayari amelewa. AAIB ilipendekeza vifaa vyenye kengele vilazimishwe, na kuanzia Januari 2025 Uingereza imevitaka katika safari nyingi za ndege za pistoni zinazobeba abiria.

Nimesikia marubani wa kwetu wakisema kwamba hilo ni tatizo la Ulaya yenye baridi. Anayeruka pwani ya Mombasa tu huenda akaamini hivyo. Anayeruka kutoka Nanyuki alfajiri ya mwezi Julai huwasha hita kama Mwingereza yeyote, na ufa katika bomba unaweza kupenyeza gesi kupitia matundu ya ukuta wa injini hata hita ikiwa imefungwa.

Zipo pia ajali ambazo sitaki kuzitafutia mkosaji. Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, Bernhard, alifariki tarehe 10 Januari 1959 akiwa na miaka 24, baada ya ndege yao Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya punda milia kugongana na tumbusi. Amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Kuhesabu nyumbu na pundamilia kutoka angani kulihitaji kuruka chini, na chini ndiko waliko ndege wakubwa wanaopanda na hewa ya moto. Anayefanya kazi hiyo leo anaweza kuchagua saa za asubuhi kabla tumbusi hawajainuka, na anaweza kujua kwamba wengi wao wakishtuka hujitupa chini, hivyo ni salama zaidi kupanda kuliko kushuka. Baada ya hapo hubaki sehemu ya hatari ambayo mtu aliikubali kwa ajili ya kazi aliyoipenda, nami naona ni heshima kuiacha ilivyo.

Linalonisumbua zaidi ni zile safari zilizokaribia kuwa ajali na hazikuandikwa popote. Marekani ilianzisha mwaka 1976 mfumo unaosimamiwa na NASA ambao rubani, fundi au mwongoza ndege anaweza kuutumia kueleza kwa siri jambo lililomtokea, na jina lake likaondolewa kabla wengine hawajasoma. Klabu ya ndege yenye wanachama wachache haihitaji NASA kufanya hivyo. Inahitaji daftari, mtu mmoja anayeaminika kulitunza, na makubaliano kwamba mwenye klabu hatauliza ni nani aliyeandika. Kile kikombe cha maji kingeingia humo siku hiyohiyo, na rubani wa ndege iliyolala jirani angekagua mfuniko wa tangi lake kabla ya chakula cha mchana. Na mafundi waalikwe pia mikutano hiyo inapoitishwa, wakae meza moja na marubani, waruhusiwe kusema waziwazi ni ndege ipi wasingewapandisha watoto wao.